Nasibu na Nasaba

Sisi washairi tumezoea kudhani kwamba kosa lina sauti. Mizani ikizidi au kina kikipotea, hata asiyejua kusoma husikia. Lakini ziko kazi ambazo ubovu wake ni bubu.

Kompyuta inapofumba siri za watu huhitaji ufunguo uliozaliwa kwa nasibu, yaani nambari ambayo hakuna awezaye kuibashiri. Nayo mashine kwa tabia yake haina nasibu, hutii tu. Basi huokota vurugu ndogondogo za dunia, kama vile nyakati za vidole kugusa vitufe, ikazikoroga pamoja. Mwaka 2006, mtunzaji mmoja wa mfumo wa Debian alikuta chombo cha ukaguzi kikilalamikia mistari miwili ya programu ya OpenSSL. Mistari hiyo ilifanana neno kwa neno. Mmoja haukuwa na uzito mkubwa. Wa pili ndio uliomimina vurugu zote chunguni. Aliuliza kwanza, aliyemjibu hakumzuia, akaiondoa yote miwili.

Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo ni nambari ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, wakati huo isiyozidi 32,768. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa mwerevu angeweza kuorodhesha majibu yote kabla hajafumbiwa. Hali ilidumu hivyo mpaka Mei 2008, ilipotangazwa dosari aliyoigundua Luciano Bello.

Je, yule mtunzaji ana hatia? Alifagia, na kufagia ni wema. Hakujua kuwa taka ile ndiyo mali. Mimi simlaumu sana. Kinachonisumbua ni funguo zenyewe. Kila mmoja ulikuwa mrefu, wenye sura kamili ya nasibu, na hakuna jicho ambalo lingeushuku. Nasibu haitambulikani kwa uso wake, hutambulikana kwa nasaba. Na nasaba hiyo ilikuwa wazi, imeandikwa mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma. Yamkini uwazi huohuo ulimfanya kila mmoja aamini kuwa mwenzake ameshasoma.

Hasara haikuishia kwa funguo zilizozaliwa vibaya. Funguo za aina ya DSA, hata zilizotengenezwa kwingine zikiwa nzima, zilipaswa kutupwa ikiwa ziliwahi kutia saini ndani ya mashine yenye dosari. Kwani aina hiyo hudai nasibu mpya kila inapotia saini, na saini moja iliyobashirika hutosha kuufichua ufunguo mzima.