Sauti ya Mtu ni Mali ya Nani?

Tumeletewa suala na kijana mmoja katika wanaohudhuria darasa yetu, nasi tumeona si vyema kumjibu peke yake kando ya nguzo ya msikiti, kwa kuwa suala lenyewe lawahusu wengi. Kijana huyu hana bendi wala hana kampuni nyuma yake. Ana chumba kidogo ghorofani, kompyuta moja, na kipaza sauti alichokivisha soksi kuzuia upepo wa pumzi. Kwa vyombo hivyo hutunga nyimbo zake mwenyewe na kuzitoa kwa watu. Amekuja kutuomba kanda ya kasida aliyoisoma mzee mmoja wa mji huu, ambaye Mwenyezi Mungu amekwisha mchukua, na kanda hiyo imo kabatini mwetu tangu miaka mingi. Hataki kanda nzima. Ataka sekunde nne tu, pale sauti ya mzee ipandapo na kutetemeka kabla ya waitikiaji hawajaitikia. Akauliza: Je, pana ubaya?

Twawaomba wasomaji wetu wasitutake hapa tufungue mlango wa hukumu ya ala na nyimbo. Wanavyuoni wamehitilafiana juu yake zamani na leo, na kila mmoja wetu anaijua kauli anayoifuata. Walakini hata aliye mkali kabisa katika jambo hilo hawezi kusema kwamba, kwa kuwa ngoma ni makuruhu, basi kumwibia mpiga ngoma ni halali. Haki ya mja haipotei kwa sababu ya kazi yake.

Tulimwomba kijana atuonyeshe kazi yenyewe, nasi twakiri kwamba tulistaajabu. Mtu husikiliza santuri na kanda za kale, saa baada ya saa, akitafuta mahali pamoja pazuri: pigo la ngoma lililobaki peke yake, kinanda kikiingia, mwimbaji akivuta pumzi. Akipapata, hupakata, akapageuza kasi, akapandisha au kushusha sauti, akapakariri mpaka kipande kikawa mdundo mzima, kisha akatia ngoma zake na maneno yake juu yake. Kipande hicho wenyewe hukiita sampuli. Katika mwaka 1987 na 1988 zilitoka mashine mbili zilizopata jina katika ufundi huu, SP-1200 na MPC60, ambazo huweka kipande cha sauti chini ya kidole, kikalia kila kidole kinapobonyeza. Ile ya kwanza iliweza kubeba sekunde kumi tu za sauti. Basi mafundi wakaizungusha santuri ya kasi ya 33 kwa kasi ya 45, sauti ikaingia kwa muda mfupi zaidi, halafu wakaipunguza mbio ndani ya mashine. Na ukwaruzo uliotokana na hila hiyo ukapendwa hata leo watu huutia kusudi. Anayesema kwamba hii si kazi, ni uvivu wa kuchukua cha mwenziwe, hajawahi kukaa na mmoja wao usiku kucha. Ni kazi. Suala ni mali ghafi yake yatoka wapi.

Na lau twataka mfano, hakuna ulio bora kuliko ule wa Gregory Coleman. Mtu huyu alikuwa mpiga ngoma wa kundi la The Winstons la Marekani. Mwaka 1969 kundi hilo lilitoa santuri, na upande wake wa pili wakaweka wimbo uitwao "Amen, Brother". Katikati ya wimbo wenziwe wananyamaza, naye apiga ngoma peke yake muda wa sekunde saba hivi. Sekunde hizo zimekatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo. Huko Uingereza aina nzima ya muziki ilisimama juu yake katika miaka ya 1990. Coleman alifariki mwaka 2006 katika ufukara, wala hakupata chochote katika hayo. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, naye hakulipwa, hata mwaka 2015 wapenzi wa muziki walipochangishana kwa hiari yao wakamtumia paundi 24,000. Alishukuru. Nasi twaona ilikuwa vyema kwao kufanya hivyo. Lakini sadaka haigeuki kuwa malipo kwa sababu imefika kwa aliyedai.

Kijana wetu, ambaye si mjinga, alikuwa na jibu. Alisema: Wazee wetu hawakuazima? Ule wimbo wa The Winstons wenyewe haukutokana na wimbo wa kanisani uliokuwa ukiimbwa kabla yao? Na hapa pwani, taarabu ya Mombasa haikujaa mahadhi ya filamu za Kihindi yaliyotiwa maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo hakusifiwa kwayo? Na washairi wetu hawatungi kwa bahari walizozikuta?

Yote ni kweli, nasi hatuna haja ya kuyakana. Lakini twaona kuna tofauti kati ya mahadhi na koo. Anayechukua mahadhi hana budi kuyaimba mwenyewe. Hutia pumzi yake, akakosea kwa makosa yake, akapendeza kwa uzuri wake. Ni kama aliyejifunza ushoni kwa fundi, kisha akashona kanzu yake. Anayekata kipande cha kanda hakuchukua ufundi wa mtu, amechukua kanzu yenyewe ikiwa bado ina joto la mwili. Sauti ya mzee wetu ikitetemeka si mahadhi. Ni kifua chake, na umri wake, na pengine homa aliyokuwa nayo usiku ule. Hakuna mwingine aliyeweza kuitoa, ndiyo maana kijana aitaka hiyo wala hataki kuisoma yeye.

Atasema: Ni sekunde nne tu. Jambo hili la kidogo limewasumbua mahakimu pia. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York ilimhukumu mwimbaji Biz Markie kwa kipande alichokichukua kwa Gilbert O'Sullivan, na hakimu akaianza hukumu yake kwa ile amri ya Taurati ya kukataza wizi. Mwaka 2005 mahakama nyingine ya Marekani ikasema, kwa kipande cha gitaa cha sekunde mbili, kwamba mtu atake ruhusa au aache kabisa. Mwaka 2016 mahakama ya tatu ya nchi hiyo hiyo ikakata kinyume, kwamba mlio wa tarumbeta usiofika robo ya sekunde katika wimbo wa Madonna haukumdhulumu mtu. Na Ujerumani kundi la Kraftwerk liliwashitaki watu kwa sekunde mbili za wimbo wake wa mwaka 1977. Kesi ilianza mwaka 1999, na mahakama ya Ulaya ilipotoa kauli yake mwaka 2019 ilisema ruhusa yatakiwa hata kwa kipande kifupi, isipokuwa kimegeuzwa hata sikio lisikitambue.

Sisi twaona mizani ya saa haifai hapa. Embe lililoanguka njiani, mwenye shamba haliulizi, na aliyelila hatumwiti mwizi. Lakini aliyeokota kokwa lile lile akalipanda, akapata miembe ishirini na kuuza maembe kila msimu, huyo hawezi kusema alichukua kidogo. Sekunde nne zinazokaririwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na wimbo wote ukasimama juu yake, si sekunde nne tena. Na kipimo cha pili, kwetu ni kizito zaidi: je, mwenyewe angesikia, angetabasamu au angeinamisha uso?

Tusidhani, hata hivyo, kwamba sheria za huko zimetenda uadilifu. Mara nyingi mwenye santuri mbele ya sheria si yule aliyeimba, ni kampuni iliyomlipa mara moja miaka hamsini iliyopita. Ruhusa huuzwa kwa bei ambayo kijana wa chumba kimoja hawezi hata kuitaja. Kundi la De La Soul lilitoa sahani yake ya kwanza mwaka 1989, imejaa vipande vya watu. Kwa mizozo ya ruhusa haikuweza kusikilizwa katika mtandao kwa njia ya haki mpaka mwaka 2023. Na kuna kijana wa Uholanzi, YoungKio, aliyekata kipande cha kundi la Nine Inch Nails, akatengeneza mdundo, na mdundo huo ukauzwa mwaka 2018 kwa dola 30 kwa kijana wa Marekani asiyejulikana, Lil Nas X. Wimbo uliotoka, "Old Town Road", ulikaa nambari ya kwanza Marekani wiki 19 katika mwaka 2019. Wenye kipande hawakuuzima. Waliandikwa majina yao katika watungaji na kupewa fungu lao. Basi yawezekana watu kupatana. Vilevile siku hizi kuna makasha ya vipande yanayouzwa pamoja na ruhusa yake, na anayeyatumia hana lawama kwetu.

Ama kwa upande wa dini, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Kuwait mwaka 1988 ilikata kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Mwenye kusema kwamba sauti haishikiki, kwa hivyo haiibiwi, amejibiwa.

Lakini fedha si yote. Mwaka 1981 Brian Eno na David Byrne walitoa sahani iliyoundwa kwa sauti walizozinasa kutoka redioni na katika santuri, na ndani yake walitia usomaji wa Qur'ani wa Waislamu wa Algeria juu ya ngoma zao. Waislamu wa Uingereza walipolalamika, wimbo huo uliondolewa katika matoleo ya baadaye. Hakuna msomaji wetu atakayeuliza hapo ni sekunde ngapi au ni shilingi ngapi. Na katika visiwa vya Solomon aliishi mwanamke aitwaye Afunakwa, ambaye mtaalamu mmoja alimnasa sauti karibu na mwaka 1970 akiimba wimbo wa kumbembeleza yatima. Mwaka 1992 sauti hiyo ikatiwa katika wimbo wa kundi la Deep Forest la Ufaransa, ikauzwa dunia nzima, na ikatumiwa hata katika matangazo ya biashara. Jina lake halikutajwa. Aliyeimba kwa ajili ya yatima wa kijijini akawa anauza bidhaa kwa watu asiowajua.

Hayo tulimweleza kijana, na baada yake tukamwambia kwamba ruhusa ya kanda si yetu kuitoa. Tukaenda naye kwa binti wa marehemu, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akamwonyesha alichokusudia. Bibi hakumjibu. Alitugeukia sisi, akauliza: "Kumbe mnayo sauti ya baba?"

Tukanyamaza. Mmoja wetu ndiye aliyeinasa usiku wa Maulidi, kwa nia njema, wala hakumwomba mzee idhini. Tuliiweka miaka yote hiyo, tukawasikilizisha wageni, na hakuna hata siku moja aliyekumbuka kubisha mlango ule.

Aliisikiliza kanda yote, akataka irudishwe mwanzo, akaisikiliza tena. Kijana alimpa ruhusa ya zile sekunde nne, kwa sharti kwamba jina la baba yake litajwe na asiuchanganye na maneno ya upuuzi. Fungu lake, kama litakuwapo, alisema lipelekwe chuoni alikosomesha mzee. Ama kanda yenyewe, alitwambia iachwe pale juu ya meza. Tumeiacha.