Vitabu vya Efeso na Mkoba wa Jirani

Mtu mmoja wa kwetu alirithi mkoba wa uganga wa marehemu baba yake. Alipobatizwa aliuweka darini. Hakuutumia, wala hakuutupa. Ikawa mwaka mmoja kahawa haikuzaa, na mwanawe akadaiwa ada ya shule. Ndipo akaja mganga wa bonde la pili, akamwambia, "Nipe mkoba ule, nami nitakupa ng'ombe wawili." Yule jirani akanijia usiku, akauliza, "Mwalimu, mimi mambo hayo nimekwisha kuyaacha. Nikiuuza nitakuwa nimekosa nini? Utatoka nyumbani mwangu, na mtoto atasoma." Nami, nakiri, nilimjibu kwamba sioni ubaya.

Alipokwisha kwenda sikupata usingizi. Nikawasha taa, nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 19.

Mji wa Efeso, ambao magofu yake yako katika nchi ya Uturuki, ulisifiwa kwa hekalu la Artemi, lililohesabiwa katika maajabu saba ya dunia. Tena ulisifiwa kwa uganga, hata maneno fulani ya kichawi yakaitwa kwa jina la mji huo. Humo wengi walioamini walivileta vitabu vyao vya uganga, wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilipohesabiwa ikaonekana ni vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa kipande kimoja kilikuwa drakma, kama wengi wanavyodhani, basi kilikaribia ujira wa kibarua wa siku moja. Na mtu afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angetaka zaidi ya miaka 160 kuzipata fedha hizo. Wala Luka hasemi kwamba Paulo aliwaamuru.

Basi kwa nini hawakuviuza? Wanunuzi walikuwapo, na maskini hawakukosekana mjini. Neno hili si la kipumbavu, na asilichekelee mtu ambaye hajawahi kukosa ada. Lakini twajua ni nani aliyelisema huko Bethania, marhamu ilipomiminwa miguuni pa Bwana: Yuda aliuliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300, maskini wakapewa. Hata hivyo nisingependa kumwita jirani yangu Yuda, kwa maana mambo haya mawili hayafanani. Marhamu ni kitu chema, anayeinunua hadhuriki. Vitabu vile vilikuwa kamba. Mtu aliyefunguliwa kamba shingoni, akamwuzia mwenzake ili ajifunge, hawezi kusema ameiacha kamba. Ameibadili tu kuwa fedha. Hapo ndipo shauri langu lilipopotoka: nilitazama nyumba ya muuzaji, nikaisahau nyumba ya mgonjwa atakayepelekewa mkoba ule.

Katika sura iyo hiyo yumo Demetrio, mfua fedha, aliyetengeneza vihekalu vya Artemi. Alipowakusanya mafundi wenzake, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba utajiri wao watoka katika kazi ile. Heshima ya mungu wao wa kike aliitaja baadaye. Lakini umati ulipopiga kelele kwa muda wa saa mbili, haukulitaja duka la mtu, ulimtaja Artemi. Ndivyo fedha izoeavyo kufanya. Haiji mlangoni ikisema, "Niabudu"; huja imevaa nguo ya dini, au ya desturi, au ya huruma kwa mtoto. Na huruma ile ni ya kweli, ndiyo maana twadanganyika. Mimi nilidanganywa nayo, na si mtoto wangu.

Kulipokucha nikaenda kwa jirani kabla hajafika mganga. Nikamwambia kwamba nimemshauri vibaya, nikamweleza sababu. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na ada?" Sikuwa na jibu, wala sikujifanya ninalo, mshahara wa mwalimu mwaujua. Akapanda darini, akaushusha mkoba. Mkewe akaleta kuni, nami nikaleta moto.

Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima, akimsaidia baba yake kupalilia kahawa. Jioni alikuja kwangu na daftari lake, nikamfundisha hesabu bila malipo, mpaka ada ilipopatikana.