Sitara ya Dereva na Haki ya Aliyeumizwa

Sheria za usalama barabarani za nchi nyingi humtwika dereva aliyehusika katika ajali wajibu wa aina mbili: kusimama hapohapo na kujitambulisha, na, ikiwa hakujitambulisha, kwenda mwenyewe kutoa taarifa polisi. Uingereza ilimwamuru dereva asimame na ataje jina lake tangu Sheria ya Magari ya mwaka 1903. Kifungu cha 170 cha sheria inayotumika huko sasa, ya mwaka 1988, hudai taarifa ifike polisi mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kimejengwa kwa mtindo huohuo. Amri hiyo huzua swali ambalo wanasheria na wanazuoni wa dini wote wamelazimika kulikabili, nalo ni kama ni haki kumlazimisha mtu ajitokeze kwa hiari yake mbele ya wale watakaomshtaki.

Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua swali hilo katika kesi ya California dhidi ya Byers. Mshtakiwa alidaiwa kulipita gari jingine kinyume cha sheria, kusababisha ajali, kisha kuondoka bila kujitambulisha. Utetezi ulikuwa kwamba kusimama kwake kungekuwa sawa na kujitia hatiani, jambo ambalo Marekebisho ya Tano ya Katiba ya nchi hiyo humkinga nalo kila mtu. Majaji watano kwa wanne waliukataa utetezi huo. Jaji Mkuu Burger alieleza kuwa amri hiyo inawahusu madereva wote, si kundi linaloshukiwa uhalifu, na kwamba kutaja jina hakumaanishi kukiri kosa. Jaji Black alipinga, na upinzani wake haufai kupuuzwa, kwani kwa dereva aliyekwisha kuvunja sheria, kusimama ndiko kunakompatia mwendesha mashtaka mtu wa kumshtaki.

Uislamu nao una mafundisho ambayo kwa mtazamo wa haraka yanaelekea upande wa Jaji Black, nayo ni yale ya sitara, yaani kuifunika aibu ambayo Mwenyezi Mungu ameifunika. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Maiz bin Malik alipokuja kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kadhaa kabla ya kulipokea kukiri kwake, na wanazuoni wengi wakapata humo kwamba mwenye dhambi ya namna hiyo ni bora atubu kwa siri kuliko kujipeleka kwa kadhi. Dereva anayekimbia anaweza basi kujiambia kwamba amejistiri na kwamba yaliyobaki ni kati yake na Mola wake. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu wanazuoni haohao hutenganisha haki ya Mungu, ambayo toba huimaliza, na haki za waja, yaani madai ya binadamu juu ya binadamu mwenzake, ambazo hazifutiki mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Majeruhi aliyelala kando ya lami ana dai, na dai lisilojulikana mdaiwa wake ni kama halipo.

Aya ya 92 ya Suratun Nisaa, inayohusu kuua bila kukusudia, inaonyesha jambo hili kwa undani kuliko sheria yoyote ya trafiki. Aliyeua kwa bahati mbaya hahesabiwi kuwa mwuaji wa makusudi, lakini hatoki mikono mitupu: ana kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa muumini au, asiyeweza, kufunga miezi miwili mfululizo, na ipo diya, fidia ya kukabidhiwa jamaa za marehemu isipokuwa wakisamehe. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Anayetoroka hawanyimi wafiwa malipo peke yake. Anawanyima pia uwezo wa kusamehe, maana hakuna awezaye kumsamehe mtu kwa jina asilolijua.

Wajibu huu, hata hivyo, una mipaka. Katika kesi ya Harding dhidi ya Price ya mwaka 1948, mahakama ya Uingereza ilimwachilia dereva ambaye tela lake liligonga gari bila yeye kujua, kwani kelele za chombo chake zilimzuia kusikia. Haieleweki mtu aripoti asichokijua. Vilevile, katika Afrika Mashariki hofu ya wananchi wenye hasira kali si kisingizio tu, kwa kuwa wapo madereva waliopigwa hadi kufa. Hofu hiyo yaweza kumhalalishia dereva kuondoka pale penye umati, ila haimhalalishii kupita kituo cha polisi moja kwa moja hadi nyumbani na kulificha gari.

Na aliyelificha gari, hata akifunga ile miezi miwili kwa siri na kwa unyofu, amelipa kafara peke yake. Diya ya kuua kwa bahati mbaya, katika fikihi ya asili, haimwangukii yeye pekee bali aqila, yaani jamaa zake wa kiumeni, ambao hawawezi kuchanga kwa ajili ya deni wasiloambiwa kwamba lipo.