Paa la Kuazima, Kibanja cha Kurudia

Aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na la mwisho ni la msafiri aliyekwama njiani. Maelezo ya wanazuoni wa fiqhi juu ya fungu hili humshangaza anayeyasikia mara ya kwanza: msafiri huyo anaweza kuwa na mali tele kwao, mashamba na mifugo, na bado akastahiki, maadamu mali hiyo haimfikii pale alipokwama. Hakuchanganywa na mafukara, kwa sababu yeye si fukara. Hupewa cha kumfikisha kwao, basi. Naona fungu hili linaeleza vizuri kuliko jingine lolote hali ya watu wanaojikuta hawana pa kulala, kwa wiki kadhaa au kwa miezi, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ingawa wengi wao hawajavuka hata mpaka wa kijiji chao. Mtu ana kibanja, ana migomba na mibuni, lakini nyumba imeanguka na mfukoni hana kitu. Je, jirani zake wanamtendea hisani wakimkaribisha, au wanalipa deni? Nasema ni deni, na wanachodaiwa ni muda. Paa ni namna tu ya kuulipa muda huo, ili asilazimike kuuza kile ambacho kingemrudisha alikotoka.

Tazama yaliyofuata tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kuharibu nyumba kwa maelfu. Bukoba na Missenyi ndizo zilizoumia zaidi, lakini Karagwe na Kyerwa nazo zilipata nyufa na maanguko yao. Watu walilala nje kwa kuogopa kuta zilizobaki, wengine chini ya maturubai, wengine kwa ndugu. Sasa, kwa mwenye kibanja, Septemba ni mwezi mbaya wa kukosa nyumba. Mvua za vuli zinaanza. Kahawa ya msimu imekwisha kuuzwa na fedha imekwenda kwenye ada na madeni, na kahawa ya mwakani bado ni ua, au haijawa hata ua. Robusta huchukua takriban miezi kumi toka ua hadi tunda la kuchuma. Mtu anayehitaji bati na matofali wiki hii ana njia moja ya haraka, nayo ni butura: mlanguzi humnunulia kahawa ikiwa ingali mtini, mbichi, kwa bei ambayo wakati wa mavuno ingemchekesha kila mtu. Serikali imeipiga butura marufuku mara nyingi, nayo haifi, kwa kuwa haikuzaliwa na ujinga wa mkulima. Imezaliwa na haraka yake. Mavuno yanayofuata huwa si yake tena, nyumba inabaki msingi, na mwaka wa pili anamega kibanja. Hivyo ukosefu wa makazi ulioanza alasiri moja unageuka kuwa wa maisha. Tunaposema mtu amekosa makazi “kwa muda”, tunasema kama vile huo muda utakwisha wenyewe. Haukwishi wenyewe. Kuna mtu lazima augharimie.

Sheria ya Musa inaonekana kulijua hili. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi husomwa vipande vipande makanisani, leo mwaka wa yubile, siku nyingine onyo juu ya riba, na msikilizaji huondoka akidhani ni mambo mawili. Ukiisoma kwa pamoja utaona hoja moja tu. Ardhi iliyouzwa kwa shida ikombolewe na ndugu wa karibu. Aliyedhoofika asaidiwe aishi nawe kama mgeni na mpangaji. Asitozwe riba ya fedha wala ya chakula. Na mwaka wa hamsini kila mtu arudi kwenye milki yake. Kumpokea mtu nyumbani kumewekwa katikati ya maagizo ya kuokoa shamba lake, na sidhani ni kwa bahati. Mwenye kumlaza ndugu yake sebuleni huku akimnunulia kahawa mbichi kwa bei ya butura ametimiza nusu ya agizo na kuivunja nusu nyingine, na kwa hesabu yangu nusu aliyoivunja ni kubwa zaidi.

Karagwe ina historia yake ya ukarimu, nayo hutajwa kwa fahari. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika mwishoni mwa 1861 walipokewa vizuri kuliko walivyopokewa njia nzima, na Speke alipoendelea kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki nyuma na mguu wake uliougua, akahifadhiwa na kulishwa hadi Aprili. Mgonjwa aliyekwama njiani: mfano unafaa kabisa. Hata hivyo sitaki kuuegemea sana. Rumanyika alikuwa na ng'ombe wasiohesabika, alikuwa na ndugu aliyegombea naye kiti, na wageni wenye bunduki walikuwa na faida kwake. Ukarimu wa mwenye nguvu kwa mwenye kuweza kulipa ni siasa njema, si zaidi. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa wanavijiji wa wilaya hiyo hiyo kati ya 1994 na 1996, wakimbizi kutoka Rwanda walipowekwa Chabalisa, Kagenyi na kambi nyingine. Misitu ilikatwa kwa kuni, mashamba ya pembeni yakaibiwa mazao, bei zikayumba. Wenyeji walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini waliishi nao kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo ukarimu una bei, na anayeuhubiri bila kuitaja bei hiyo hawezi kuaminiwa.

Pingamizi la kwanza linatoka madhabahuni na mimbarini, na ndilo linaloniudhi. Linasema: sote ni wapita njia, Ibrahimu alikaa hemani, Mtume alimwasa mtu aishi duniani kama mgeni au mpita njia, basi asiye na nyumba asubiri, kwa kuwa hata mwenye nyumba hana nyumba hasa. Mafundisho yenyewe ni ya kweli. Kosa ni anayeambiwa. Ukimwambia mwenye paa kwamba yeye ni mpita njia, unamlegeza mkono ili afungue mlango. Ukimwambia asiye na paa maneno yaleyale, unamfunga mdomo. Waraka kwa Waebrania unaowasifu wahenga kama wageni na wasafiri ndio uo huo, katika sura yake ya 13, unaoagiza watu wasisahau kuwakaribisha wageni; mwandishi hakuona mgongano wowote, kwa sababu hakutumia fundisho la kwanza kukwepa la pili. Subira ni ibada ya mwenye shida. Mtu mwingine hana ruhusa ya kuitumia kama malipo ya deni lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: anayedaiwa naye ni maskini. Mwanzoni mwa 2017 serikali ilisema wazi kwamba haitamjengea kila mwananchi nyumba, na michango iliyokusanywa baada ya tetemeko ikaelekezwa kwenye shule, vituo vya afya na huduma nyingine za umma. Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo, kwa kuwa shule ni ya wengi. Lakini ukishautetea umekiri kwamba nyumba ya mtu binafsi imeachiwa yeye na jirani zake, na jirani zake ni wenye vyumba viwili na watoto sita. Watawezaje? Jibu lipo katika jambo wanalolifanya tayari. Hakuna kijiji kisicho na kikundi cha kufa na kuzikana. Kikundi hicho kina daftari, kiingilio, faini ya asiyehudhuria, sufuria kubwa, turubai, viti, zamu ya kuchota maji na ya kuleta ndizi. Watu hao hao tunaosema hawawezi humzika kila mtu kwa heshima, na hulisha mamia siku za msiba. Umaskini haujawazuia kwa sababu mzigo umegawanywa na kila mmoja anajua kesho ni zamu yake. Mwenye nyumba iliyoanguka hahitaji zaidi ya hivyo: debe la maharage kutoka kila kaya, nguvu za Jumamosi kadhaa, chumba kwa zamu, na mkopo mdogo usio na riba ili asiguse kahawa yake. Tumejipanga vizuri kwa ajili ya wafu. Walio hai wanasubiri huruma ya mtu mmoja mmoja, nayo huchoka haraka.

Hapo mtu atanikumbusha jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hadithi ya Mtume nayo inaweka ukarimu kuwa siku tatu, kisha ni sadaka, na kumkataza mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji katika dhiki. Nakubali, na ninaona hekima ndani yake: jembe humwondolea mgeni aibu ya kula bure. Ila tuulize, analima wapi? Akishinda kutwa kwenye shamba la mwenyeji ili alipie ugali, kibanja chake kinabaki bila mtu. Na kibanja cha Kagera hakivumilii kuachwa. Ugonjwa wa mnyauko, unaoitwa unyanjano, huingia kwa ua dume la mgomba lisilokatwa mapema, na huenezwa na panga lililotoka kwenye shina gonjwa; ndiyo maana mabwana shamba husisitiza ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda. Kazi hiyo haichukui muda, lakini lazima ifanywe kila chane la mwisho linapotoka, na lazima mtu aifanye. Mwezi mmoja wa kutokuwepo unatosha ugonjwa kuingia shambani. Basi apewe jembe, naam, na apewe nafasi ya kwenda nalo kwake asubuhi kabla hajalishika la mwenyeji. Na kipimo cha kukaa, kwa mkulima wa huku, sidhani kiwe siku tatu. Kiwe msimu mmoja wa kahawa.

Limebaki pingamizi la mpaka. Karagwe na Kyerwa zinapakana na Rwanda na Uganda, na Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili kuondoka. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka na kuwaondoa waliobaki. Kati ya walioondoka walikuwemo watu walioishi humo miongo mingi, waliooa, waliozaa na kuzika humo. Wengine walisisitiza kuwa ni raia. Jirani aliyetaka kuwapokea alikuwa na woga wa haki, kwa sababu sheria ya uhamiaji humwadhibu anayemhifadhi asiye na kibali, na dola ina wajibu wa kulinda mpaka wake. Sina ubishi na hilo. Lakini ikiwa deni ni muda, si paa tu, basi kuna sehemu ya deni ambayo amri ya kuondoka haikuigusa. Mtu amevuka mto Kagera na shauri la uraia wake halijaamuliwa. Kibanja chake kipo, ua dume linahitaji kuvunjwa, kahawa inaiva. Kuipalilia, kuichuma, kuipeleka chama cha msingi cha ushirika na kumtunzia stakabadhi si kumficha mtu. Kukimega kibanja chake wiki ile ile aliyoondoka, au kumpa bei ya kutupa akiwa na godoro kichwani, hakukuagizwa na operesheni yoyote. Waliofanya hivyo walifanya kwa hiari yao, na deni hilo ni lao, hata kama aliyeondoka hakurudi kulidai.