Mvua Inapokukuta Mwanza

Mtu wa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, huenda Mwanza kwa sababu. Anapeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, anafuata kipuri cha karasha la kusagia mawe, anampeleka mtoto shule ya bweni. Akisema anakwenda kutembea tu, aliangalie jiji kisha arudi, majirani watamuuliza mara ya pili: unafuata nini hasa? Wala si umbeya. Machimboni siku hupimwa kwa ilichotoa: viroba vingapi vya mawe vimepanda kutoka duarani, yaani shimoni, dhahabu kiasi gani imepatikana mwaloni, mawe yaliyosagwa yanakooshwa. Isiyotoa kitu imepotea.

Sasa tuseme amekwenda kutembea kweli, na mvua ya Aprili imeanza tangu alfajiri. Alitaka kupanda boti kwenda Saa Nane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Baadaye afike Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, arudi alione Jiwe la Bismarck, jioni awahi gari stendi ya Nyegezi. Lakini ziwa limechafuka, daladala zimejaa, na saa sita mchana bado amejibanza kwenye baraza la duka katikati ya mji, pamoja na watu asiowajua. Je, siku yake imepotea?

Jibu la haraka ni ndiyo: nauli imetoka, alichokifuata hakukiona. Silidharau jibu hili, maana fedha ya nauli ilitafutwa kwa jasho. Ila lina dhana ndani yake. Linachukulia kwamba matembezi nayo ni uchimbaji, kwamba Saa Nane na Bujora ni mawe ya kupakia kwenye kiroba, na anayerudi na kiroba kitupu amekula hasara. Mimi matembezi nayaelewa hivi: ni mwendo ambao mtu haendi kuchukua kitu, anakwenda kuwa mahali. Kama ndivyo, mvua imemnyima mandhari, lakini mahali bado anapo. Yuko Mwanza.

Wapo watakaokimbilia upande wa pili na kusema hakuna siku inayopotea, kila siku ina baraka yake. Hapo nasita. Kwenye baraza lile lile yupo machinga aliyefunika bidhaa zake kwa turubai, na hajauza hata soksi moja. Huyo machinga siku yake imepotea kweli, na usiku watoto wake wataona upungufu huo sahanini. Kumhubiria uzuri wa mvua ni kumkosea adabu. Mvua ni moja, lakini mmoja anayesubiri alichagua kuja, mwingine hakuchagua. Naona tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kusubiri ni pumziko au ni adhabu.

Sisi wa Geita tunaujua ukweli huu kupitia Kigongo na Busisi, pande mbili za kivuko cha ziwani. Miaka mingi safari yetu ya Mwanza ilikatwa na maji, tukapanga foleni ya kivuko. Sasa huwa nasikia watu wakiikumbuka foleni ile kwa hamu: samaki wa kukaanga, mazungumzo na wasafiri wa Bukoba. Sishiriki hamu hiyo. Katika foleni walikuwamo wajawazito na wagonjwa ambao hawakuwa na muda wa mazungumzo. Daraja la kilomita 3 lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 limewaondolea kungoja kusikokuwa na hiari, na hilo ni jema moja kwa moja.

Turudi kwa mtu wetu barazani. Anafanya nini? Anapiga simu nyumbani, na swali lake la kwanza ni kama maji yameingia duarani na kama kuna mtu chini. Wenzake wanaona matope na kuchelewa. Yeye anaona matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yanayolowa, na udongo unaolegea. Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi mmoja hapo Nyarugusu, wakakaa siku kadhaa chini ya ardhi kabla ya kuopolewa wote wakiwa hai. Mtu aliyewahi kusimama juu ya shimo akisubiri sauti itoke chini haitazami tena mvua kama mtalii. Kumbe safari haimtoi mtu kwake. Inamwonyesha alichokibeba kutoka kwake.

Akishajibiwa kwamba wote wako juu, salama, jambo jingine linawezekana, nalo ndilo ninaloliona kuwa na uzito zaidi. Machimboni yeye ni mwenye duara, au mponda mawe, au anayedaiwa. Hapa hana cheo, hana zamu, hakuna anayepima alichotoa tangu asubuhi. Mama wa pembeni anamsogezea nafasi asiloe, bila kumuuliza ni nani. Tunapenda kuita thamani kile ambacho sokoni kina bei. Kwangu thamani ni ule uzito wa mtu au kitu unaobaki hata pasipo mnunuzi. Mtoto anayekulia machimboni huona kila siku jiwe likipimwa, na watu nao wakipimwa kama jiwe. Ni vigumu ajue kipimo kingine kama hajawahi kukaa mahali ambapo hatakiwi kutoa chochote.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Nyarugusu: mchukueni mtoto mara moja, likizo, mwende naye Mwanza pasipo kufuata kipuri wala hospitali. Msiahirishe kwa sababu ni masika.