BUSTANI YENYE UA



Tusomapo habari za Edeni katika Mwanzo sura ya 2, wengi wetu hufikiri maua. Lakini Maandiko yanataja miti, ya kupendeza na ya kulisha. Wala Adamu hakuwekwa humo atembee tu. Alipewa kazi ya kulima na kutunza. Basi sisi wa Bariadi, tukitaka kuitembelea bustani ya namna hiyo, na tuingie katika ngitili.

Wazungu wanazo bustani zilizogawanywa vyumba vyumba. Ile ya Sissinghurst, huko Kent, Uingereza, iliyoanzwa mwaka 1930, ina chumba cha maua meupe matupu, nasi hatusemi si nzuri. Babu zetu Wasukuma nao waligawa, ila kwa njaa ya kiangazi. Ngitili hufungwa mvua zianzapo, majani yakue. Jua likikaza hufunguliwa sehemu kwa sehemu, ya kwanza ikiisha ndipo iguswe ya pili. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Pana nyasi za kuezekea, pana migunga ya kuni, pana mizizi ya dawa. Angalieni ni nani waliofikiriwa kwanza: wanyonge.

Tulikaribia kuipoteza desturi hii. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya 2000 ilipoanza zilipita hekta 300,000. Mahali pengi hapakupandwa kitu: visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya ardhi, vikingoja kuachwa.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Ua unaozuia ng'ombe wa jirani mwezi wa Februari ni ua mwema, na Dagashida ikimtoza faini anayeingiza mifugo, inatenda haki. Lakini ziko ngitili za kijiji na ziko za mtu binafsi, na mara nyingi mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye eneo kubwa. Mjane asiye na eneo huziona kuni ng'ambo ya ua, akarudi nyumbani na mabua. Je, ua huo nao ni wa kutunza? Mambo ya Walawi, sura ya 19, humkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate. Shamba ni lake. Pembe zake si zake.

Mwaka huu, kabla ya kufungua, wenye ngitili miongoni mwetu wakae na wazee wa kanisa, waweke siku ya wajane kuingia kuokota kuni kavu na kukata nyasi za paa. Siku moja kwa juma yatosha kuanzia. Na wajane wenyewe waulizwe ni siku gani.