Asilimia Mia Moja

Kwetu Kagera mtoto akiwa mwepesi wa hesabu husifiwa mbele yake, tena kwa sauti. Wa mikoa mingine wanatutania kwa jina la nshomile, nasi tunacheka kana kwamba tumepewa zawadi. Kijana wa kisa hiki, nisiyempa jina kwa kuwa hakuna darasa lisilo na mwenzake, alikua kwa sifa za namna hiyo katika vilima vya Muleba, nyumbani kwa mkulima wa kahawa na migomba.

Likizo ya Juni alikwenda Bukoba mjini kwa tuisheni. Pamoja na mengi ya maana aliyoyapata huko, alijifunza kupika data. Mpishi wa data haanzi na bureti, anaanza na karatasi ya maswali. Swali la taitresheni kwa kawaida humtajia mwanafunzi uzito wa kitu kilichoyeyushwa na molariti ya myeyusho wa pili. Mwenye kichwa chepesi anakokotoa kinyumenyume ujazo ambao ungepaswa kutoka, kisha anaujaza kwenye jedwali, akichezea desimali kidogo ili zionekane zimetoka mkononi mwa binadamu. Wengine watakuwa bado wanaosha vyombo yeye amemaliza.

Ukafika mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Maabara ya shule yao ni ya wakati ule Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi walichangishwa, na wengi bado wanakumbuka. Mezani kila mtahiniwa alikuta chupa mbili. P ilikuwa asidi ya haidrokloriki yenye molariti 0.1. Q ilikuwa gramu 4.0 za sampuli ya sodiamu haidroksaidi, zilizoyeyushwa katika maji hadi kufikia desimita moja ya ujazo. Maelekezo: chukua kwa pipeti sm³ 25 za Q, tia matone mawili ya kiashiria cha MO (methyl orange), teremsha P kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya njano igeuke ya chungwa. Rudia hadi upate majibu yanayokaribiana. Swali la mwisho liliuliza usafi wa sampuli kwa asilimia.

Kijana akafanya hesabu pembeni. Gramu 4.0 zikigawanywa kwa 40 ni moli 0.1. Asidi nayo ni 0.1, na zinakutana moja kwa moja. Basi ujazo ni 25.00. Akaandika 25.00, 24.90 na 25.10, wastani 25.00, usafi asilimia 100. Swali la usafi peke yake lingetosha kumshtua, maana nani hutunga swali la namna hiyo kwa kitu kisicho na doa? Lakini yeye alikuwa ameshaacha kusoma pale tarakimu zilipokwisha.

Karibu darasa zima lilikuwa likipata 22.50 hivi.

Madam wa kemia alikuwa amejaribu myeyusho huo mwenyewe asubuhi, kama inavyompasa kila mwalimu kabla ya mtihani wa vitendo. Karatasi ya kijana ilipomfikia hakukimbilia kumhukumu. Alikwenda kutazama chupa yake ya P. Jaribio la kwanza na matatu ya kuandikwa, kila moja la sm³ 25, yangekula sm³ 100 hivi. Chupa ilikuwa imepungua kiasi cha kujaza bureti mara moja tu.

Kesho yake alimsimamisha.

"Baba yako anauza kahawa mbichi au kavu?"

"Kavu, Madam."

"Kwa nini asiuze ikiwa na maji? Si itakuwa nzito zaidi?"

"Mnunuzi hawezi kulipia maji."

"Basi mizani yangu jana ilipima maji."

Punje za sodiamu haidroksaidi hunyonya unyevu wa hewa. Ukiziacha wazi juu ya mizani, muda si mrefu zinaanza kung'aa kama zinatoka jasho, na zinanyonya pia kaboni dayoksaidi. Ukanda wetu huu wa ziwa una unyevu wa kutosha: Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kopo la shule lilikuwa likifunguliwa na kufungwa tangu Januari. Ndiyo maana 22.50 zinaleta molariti 0.09, yaani gramu 3.6 za sodiamu haidroksaidi halisi ndani ya zile 4.0, usafi asilimia 90. Lebo ya chupa haikuwa na namna ya kukujulisha hilo. Bureti inayo, na ndiyo kazi yake.

Palikuwa na msichana aliyepata 23.60, 23.80 na 23.70, ambaye usafi wake ulitoka karibu asilimia 95. Madam alimwita aoneshe alivyoosha vyombo. Bureti aliisuuza kwa P, sawa. Pipeti kwa Q, sawa. Kisha akasuuza kwa Q hata ile chupa ya koni inayopokea. Chupa hiyo huoshwa kwa maji matupu. Maji yakibaki ndani hayaongezi wala hayapunguzi moli za alkali ulizopima kwa pipeti, lakini Q ikibaki ukutani ni alkali ya ziada, nayo itadai asidi ya ziada. Kosa likaonekana mbele ya wote kwa muda usiozidi dakika tano. Alipoteza alama za usahihi, akabaki na za utaratibu na hesabu.

Za kijana hazikuwa na pa kuanzia kuulizwa. Angeoneshaje alivyoosha chombo ambacho hakukitumia? Jedwali lake lilipata sifuri, na kila kilichojengwa juu yake kikaanguka pamoja nalo. Alilalamika kwamba hesabu zake zote ni sahihi. Madam akazipitia upya mstari kwa mstari, akakubali kwamba hazina kosa hata moja, akamrudishia karatasi na sifuri yake.